Anayeuliza na Anayejibu: Mazungumzo ya Kiswahili Baina ya Malekta na Wanafunzi Wao Mjini Berlin, 1887–1941

Ikisiri

Makala haya yanachunguza zoezi la mazungumzo kama lilivyoendeshwa katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, ambako wasemaji wa Kiswahili kutoka pwani ya Afrika Mashariki waliajiriwa kuzungumza na wanafunzi wa Kijerumani. Hoja inayotetewa ni kwamba maandishi ya Kiswahili yaliyotoka katika mazingira hayo yanafaa kusomwa kama nusu ya mazungumzo, kwa kuwa majibu yamehifadhiwa na maswali yameondolewa. Sarufi ya maandishi ya desturi inalinganishwa na ile ya maandishi ya safari ili kubainisha ni wakati gani lekta alikuwa kitu cha kujulikana, na ni wakati gani alikuwa mjuzi wa wenyeji wake.

1. Neno na saa yake

Katika kamusi za karne ya 19 zilizotungwa na wamisionari wa Unguja na Mombasa, kitenzi kuzungumza hakikupewa maana ya kusema tu. Kilielezwa pia kwa maana ya kujiburudisha, yaani kupitisha wakati kwa maneno pamoja na watu ambao mtu hupenda kuketi nao. Mazungumzo ni jambo la baraza. Hayana ratiba wala ujira, na kila aliyekaa barazani ana haki ya kuuliza kama alivyo na wajibu wa kujibu. Mgeni apitapo huulizwa atokako na habari za huko, naye huuliza habari za mji. Hata salamu zimejengwa juu ya zamu hiyo: aliyeulizwa hali, akiisha kujibu, hurudisha swali kwa aliyemwuliza, na asiyerudisha huonekana hana adabu au ana ugomvi.

Mwaka 1887 neno hilo lilipata makao mapya. Mjini Berlin ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki chini ya uongozi wa Eduard Sachau, mtaalamu wa Kiarabu na historia ya Uislamu, ili kuwaandaa Wajerumani waliokusudia kufanya kazi nje ya Ulaya. Kiswahili kiliwekwa pamoja na lugha kama Kiarabu, Kituruki, Kiajemi, Kichina na Kijapani. Sababu yake ilikuwa dhahiri: Carl Peters alikuwa amekwisha kujipatia mikataba yake bara, na dola ya Ujerumani ilihitaji watu wa kuisimamia nchi waliyoidai. Wanafunzi walikuwa maafisa, wanasheria, askari, wamisionari na wafanyabiashara.

Mpangilio wa masomo uligawa kazi kwa namna iliyokuwa na athari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwalimu Mjerumani alifundisha sarufi na kueleza lugha, na msemaji mzawa, aliyeitwa lekta, aliwazoeza wanafunzi kusema, kusikia na kusoma hati. Kwa maneno mengine, wa kwanza alikuwa na elimu juu ya lugha na wa pili alikuwa na lugha yenyewe. Cheo na mshahara vilifuata mgawanyo huo. Kwa Kiswahili, kiti cha mwalimu kilishikwa kwanza na Carl Gotthilf Büttner, mmisionari ambaye kabla ya hapo alifanya kazi miongoni mwa Waherero kusini magharibi mwa Afrika. Baada ya kifo chake mwaka 1893, kazi hiyo iliangukia baadaye kwa Carl Velten, aliyekuwa amehudumu Afrika Mashariki kama mkalimani wa serikali. Upande wa malekta walipita Sleman bin Said, Amur bin Nasur bin Amur il-Omeiri, Mtoro bin Mwinyi Bakari na wengine.

Hapa inafaa kuangalia ni nani hasa aliyekuwa mgeni. Kwa kawaida mwanafunzi wa lugha ya kigeni ndiye asafiriye, naye hujikuta katika mji wa watu, hajui bei wala njia, na kila kosa lake la lugha lina gharama. William Ernest Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyejifunza Kiswahili Mombasa katika miongo ya 1880 na 1890, alikuwa mwanafunzi wa aina hiyo. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyemsaidia katika ushairi na hasa katika tungo za Muyaka, alikuwa nyumbani kwake. Sikujua alikuwa na uwezo wa kuamua lipi amwonyeshe mgeni huyo na lipi amwekee pazia. Mjini Berlin mizani iligeuzwa. Mwanafunzi alikuwa kwao, na aliyevuka bahari, asiyejua baridi wala barabara, alikuwa mwalimu. Mazungumzo yalifanyika katika lugha ya mgeni, lakini katika nchi, jengo na saa za mwenyeji.

2. Majibu yasiyo na maswali

Kazi iliyobaki na umaarufu mkubwa kutokana na mazingira hayo ni Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Velten kama mhariri. Si kila ukurasa wake ulizaliwa darasani Berlin, kwani Velten alikuwa na watoa habari wengine pwani. Hata hivyo, wataalamu wanakubaliana kwamba Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu. J. W. T. Allen alilitambua jambo hilo katika jina lenyewe la tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1981, ambamo kitabu kinatajwa kuwa cha Mtoro na Waswahili wengine.

Kitabu hicho hupitia maisha ya mtu wa pwani tangu kuzaliwa, malezi, chuo cha Kurani, michezo na ngoma, ndoa, utumwa, magonjwa na pepo, hadi mauti na urithi. Mpangilio huo ni wa maswali, ingawa hakuna hata swali moja lililoandikwa. Mtu wa Bagamoyo akiachwa aeleze mji wake kwa hiari yake, huenda angeanza na koo, na majumbe, na ugomvi wa mitaa, na nani alipanga ngoma ili kumshinda nani. Mambo hayo yamo kitabuni, lakini yametawanywa chini ya vichwa vinavyomfaa afisa anayetaka kujua Waswahili hufanyaje jambo hili na lile. Kila sura inaweza kusomwa kama jibu la swali ambalo mwulizaji wake ametoka chumbani.

Sarufi inaunga mkono usomaji huu. Chukua mfano wa kubuni, usionukuliwa kutoka popote. Katika mazungumzo ya kweli mwanafunzi angemwuliza lekta: “Wewe ulipooa, ulitoa mahari kiasi gani?” Jibu lingekuja na nafsi na wakati wake: “Nilitoa kiasi fulani, na baba mkwe akanisamehe kilichosalia.” Jibu hilo likiingizwa katika kitabu cha desturi hubadilika kuwa: “Mtu akitaka kuoa hupeleka posa, na wakikubaliana hutoa mahari.” Kiambishi hu- cha mazoea, tofauti na viambishi vingine vya njeo, hakitanguliwi na kiambishi cha nafsi. Kitenzi husimama bila mimi, wewe wala yule. Pamoja na -ki- ya masharti na nomino tupu mtu, hu- huondoa kwa mpigo mmoja mwulizaji, mjibuji na siku ya mazungumzo. Baba mkwe aliyesamehe naye hutoweka, kwa kuwa huruma yake haikuwa desturi.

Hasara hiyo ni kubwa kwa historia ya jamii. Mahari iliyosamehewa inasimulia habari za ukoo, urafiki na madeni, mambo ambayo kanuni ya mahari haiwezi kuyasimulia. Huko Berlin, hata hivyo, mnunuzi wa elimu alitaka kanuni. Sachau mwenyewe alichapisha mwaka 1897 kitabu kikubwa cha sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani. Hakimu wa kikoloni aliyesoma kitabu hicho na kisha Desturi angefika Tanga au Kilwa akiamini kwamba anawajua watu wa huko kabla hajazungumza nao. Zoezi la mazungumzo lilikuwa limezaa chombo cha kuyafupisha mazungumzo ya baadaye.

Isidhaniwe kwamba lekta alikuwa bomba tu la kupitishia habari. Mtoro alikuwa amesoma chuo na alijua uzito wa kusema neno kwa niaba ya watu. Tena umbo la hu- lina faida kwa msemaji pia: humpa mahali pa kujificha. Anayeulizwa na mgeni mwenye mamlaka juu ya uchawi, au utumwa, au yanayopita ndani ya unyago, anaweza kujibu juu ya “watu” bila kuwafichua jamaa zake. Kwa hiyo unafsi uliofutwa si lazima uwe kazi ya mhariri peke yake. Huenda mara nyingi wawili hao walikubaliana bila kuambiana, mmoja akitaka kanuni na mwingine akitaka sitara.

3. Lekta anapotazama

Maandishi ya safari yana tabia nyingine kabisa. Büttner alichapisha mwaka 1894 mkusanyo wa fasihi ya Kiswahili ambamo malekta wameandika habari zao wenyewe. Amur bin Nasur, aliyekuwa Berlin kati ya 1891 na 1895, alieleza maisha yake, safari yake na mji aliofikia. Velten naye alitoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Humo Mtoro alichangia maelezo ya Udoe na Uzaramo, na Salim bin Abakari, Mngazija aliyeandamana na Mjerumani Theodor Bumiller, alieleza safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896.

Katika maandishi haya nafsi ya kwanza inarudi, na njeo ni za simulizi: -li- ya kufungua, -ka- ya kufuatanisha. Kuna tulipofika, tukaona, nikauliza. Mambo yaleyale ambayo mwanafunzi Mjerumani aliyachunguza kwa lekta, yaani chakula, mavazi, ibada na mahusiano ya wanaume na wanawake, sasa yanachunguzwa na lekta kwa Wajerumani, na kwa kipimo cha Kiswahili. Theluji hupewa maneno ya nchi isiyo na theluji. Mji hupimwa kwa Unguja. Mtindo ni ule wa khabari, utanzu wa nathari ambao watu wa pwani waliuzoea katika barua na masimulizi ya misafara, na ambao kwa desturi ulisomewa watu waliokusanyika. Msomaji anayekusudiwa na maandishi hayo, kwa hiyo, ni mtu wa nyumbani, ingawa kitabuni yamewekwa mbele ya mwanafunzi Mjerumani kama zoezi la kusoma.

Hali hiyo ina jambo la kuchekesha. Kijana aliyefunzwa ili akawatawale Waswahili alijifunza lugha yao kwa kufumbua, neno kwa neno, jinsi Mswahili alivyoiona Ujerumani. Kama alijitambua katika picha hiyo ni jambo jingine. Vitabu vya mazoezi havikuwa na swali la namna hiyo. Lakini hapa, kwa mara chache katika historia ya Seminari, zamu ya mazungumzo ilirudi kama baraza linavyotaka: aliyeulizwa habari zake aliuliza habari za mwenyeji, akapata jibu, akaliandika.

Kwa wanafunzi wa fasihi, tofauti baina ya makundi haya mawili ya maandishi ni muhimu kuliko tarehe au majina ya wahariri. Historia za nathari ya Kiswahili zimezoea kuyaweka pamoja kama nathari ya enzi ya Wajerumani, zikiangalia zaidi mabadiliko ya hati kutoka ya Kiarabu kwenda ya Kirumi. Badiliko la hati lilikuwa na uzito wake, kwani malekta hao walikuwa watu wa hati ya Kiarabu, na Büttner mwenyewe alitoa mwaka 1892 mkusanyo wa nyaraka za Kiswahili katika hati hiyo. Lakini mwandiko mmoja, wa mtu mmoja, unaweza kuwa jibu katika ukurasa huu na swali katika ukurasa ule. Mtoro wa Safari na Mtoro wa Desturi ni mtu yuleyule. Kilichotofautiana ni aliyekuwa ameshika zamu ya kuuliza.

4. Adabu ya darasa

Mtoro aliwasili Berlin mwaka 1900. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata aliiacha Seminari baada ya mgogoro uliowahusu baadhi ya wanafunzi, ambao hawakutaka kumheshimu Mwafrika kama mwalimu wao. Ludger Wimmelbücker ameufuatilia mkasa huo katika utafiti wake wa mwaka 2009 juu ya maisha ya Mtoro. Kwa makala haya, linalohusu ni upande wa lugha.

Kiswahili hakiwezi kufundishwa kwa mazungumzo bila kwanza kuamua ni nani anamwamkia nani. Mwanafunzi hulazimika kuchagua, katika sentensi ya kwanza kabisa, kama atasema hujambo, au sabalkheri, au shikamoo, na katika pwani ya wakati ule salamu hii ya mwisho ilibeba uzito wa utumwa na utwana kuliko ilivyo leo. Mwanafunzi akimwita lekta mwalimu, amejiweka chini yake kwa muda wa saa hiyo. Akikataa, amejifunza Kiswahili kibovu. Mwanafunzi aliyekuja kujifunza lugha ya kuamrisha alikutana na lugha inayomtaka atoe heshima kwanza, tena kwa mtu ambaye utaratibu wa koloni ulimfundisha kumdharau. Mgogoro wa 1905 ulikuwa wa rangi na wa mamlaka. Ulikuwa pia wa sarufi ya heshima, na katika darasa la mazungumzo mambo hayo hayatengani.

Johannes Fabian, katika uchunguzi wake wa mwaka 1986 juu ya Kiswahili cha Kongo ya Kibelgiji, alionyesha jinsi vitabu vya mafunzo kwa Wazungu vilivyoelekea kwenye lugha ya amri. Amri ndiyo sentensi isiyongoja jibu. Mwanafunzi anaweza kuijua barabara asijue kuzungumza, kama vile mtu awezavyo kujua kupiga honi asijue njia.

Baada ya kuondoka Seminari, Mtoro alisafiri na mkewe kurudi Afrika Mashariki. Wenye mamlaka wa koloni, chini ya gavana Götzen, hawakuwaruhusu kuteremka na kukaa. Ndoa baina ya Mwafrika na mwanamke Mzungu ilionwa kuwa hatari kwa utawala, tena mwaka 1905, mwaka ambao vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Mwaka uliofuata ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni. Wawili hao walirudi Ujerumani. Mtoro aliendelea kujipatia riziki kwa lugha yake na kwa mihadhara, na kwa muda alifanya kazi Hamburg na Carl Meinhof katika taasisi ya masomo ya kikoloni. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeeleza kwa Kijerumani na kwa Kiswahili jinsi harusi ya pwani inavyofungwa hakupewa nafasi ya kumpeleka mkewe kwao.

5. Zamu ya mwisho

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alifika lekta mwingine, Mdachi bin Sharifu. Jina lake lenyewe, katika Kiswahili cha zama zile, lina maana ya Mjerumani. Vita vilipokwisha na koloni likapotea, alisimama mwaka 1919 mbele ya hadhira za Wajerumani akaukosoa utawala wao wa Afrika Mashariki, jambo lililowaudhi wafuasi wa ukoloni. Mtu aliyeajiriwa ili aulizwe alikuwa sasa anasema asiloulizwa. Mwaka 1920 alirudi kwao.

Seminari haikufungwa kwa kupotea kwa koloni. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa baba aliyekuwa askari wa Wajerumani, na ambaye mwenyewe alishiriki vita akiwa mtoto, alifika Berlin mwaka 1929 kudai malipo ya utumishi wake na wa baba yake. Hakulipwa. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaigiza katika filamu, na tangu mwanzo wa miaka ya 1930 akawa msaidizi wa Diedrich Westermann katika madarasa ya Kiswahili. Cheo chake kilikuwa cha chini kuliko hata kile cha malekta wa zamani: hakuhesabiwa kuwa mwalimu, alikuwa sauti ya kuigwa na wanafunzi.

Marianne Bechhaus-Gerst ameandika maisha yake kwa urefu. Kinachogusa katika simulizi hiyo, kwa anayefuatilia historia ya mazungumzo, ni ukimya wa Kiswahili chake. Amur aliacha khabari, na Mtoro aliacha vitabu. Husen, aliyezungumza na wanafunzi kwa takriban miaka kumi, hakuachiwa nafasi ya mkusanyo wala mhariri. Dola haikuhitaji tena kujua desturi, ilihitaji matamshi tu, kwa matumaini ya koloni ambalo lingerudishwa siku moja. Zoezi la mazungumzo lilikuwa limefikia umbo lake finyu kabisa: mwanafunzi husikiliza jinsi jambo linavyotamkwa, bila kusikiliza linalosemwa.

Mwaka 1941 kazi yake ya kufundisha ilikoma, na mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944.